Waajiri wa Dodoma, "NSSF watakulipa" siyo jibu! Mshahara wa likizo ya uzazi ni deni lenu

Wanajamvi, habari za jioni.

Naandika nikiwa na hasira, na naomba asije mtu hapa kuniambia nitulie "kwa hali yangu". Hali yangu ndiyo inayonifanya niandike.

Nafanya kazi kwenye duka la jumla hapa mjini Dodoma, upande wa mauzo. Jina silitaji. Mimba yangu imeingia mwezi wake wa saba. Barua ya likizo niliipeleka mapema pamoja na cheti cha daktari, maana sheria inataka mwajiri ajulishwe angalau miezi mitatu kabla ya tarehe ya makisio. Nikakaa kimya nikijua mambo yako sawa. Wiki hii meneja ananiita, ananiambia kwa upole kabisa: "Dada, nenda kajifungue salama. Mshahara wako utasimama mpaka urudi. Si unachangia NSSF? NSSF watakulipa."

Nikaenda NSSF, yaani Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii. Dada aliyenihudumia, Mungu ambariki, alinigeuzia kompyuta nijionee mwenyewe. Kwenye slipu zangu za mshahara nakatwa kila mwezi, hakuna mwezi niliosamehewa. Kwenye akaunti yangu ya mfuko kuna mashimo, miezi na miezi hakuna kilichoingia. Hela yangu imekatwa na haikupelekwa, na nyongeza ambayo mwajiri alipaswa kuitoa mfukoni mwake nayo haipo. Yaani huyu mtu ananituma nikalipwe na mfuko ambao yeye mwenyewe hajaupelekea michango!

Sasa nisikilizeni vizuri, hasa akina dada mlio kazini na mnategemea kujifungua. Haya ni mambo mawili, na waajiri wanayachanganya makusudi.

La kwanza ni likizo ya uzazi yenye malipo. Iko kwenye Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 33. Siku 84, au siku 100 ukijifungua mapacha na kuendelea. Mlipaji ni mwajiri, na hesabu inakwenda kwa mshahara wako wa msingi. Likizo unaweza kuianza wiki nne kabla ya makisio, au mapema zaidi daktari akithibitisha kuna haja, na ndani ya wiki sita baada ya kujifungua hutakiwi kuonekana kazini isipokuwa daktari amesema unaweza. Mtoto akifariki ndani ya mwaka mmoja, Mungu atuepushie, una haki ya siku nyingine 84 ndani ya mzunguko uleule wa likizo, yaani miezi 36. Mwajiri anabanwa na likizo nne za namna hii kwa mfanyakazi mmoja. Likizo ikiisha unarudi kazini kwa masharti yaleyale uliyoyaacha. Someni kifungu chote, hamtakuta mahali palipoandikwa kwamba mwajiri anasamehewa kulipa kwa sababu mfanyakazi ni mwanachama wa mfuko.

La pili ni fao la uzazi la NSSF. Hili linatokana na michango. Unatakiwa uwe umechangia angalau miezi 36, na kati ya hiyo, 12 iwe ndani ya miezi 36 kabla ya kujifungua. Ukitimiza, unapata fedha sawa na wastani wa mshahara wako kwa siku 84, na fao lina masharti yake ya kupishana miaka mitatu kati ya fao moja na jingine. Ni haki ya mwanachama aliyechangia. Haliji kuchukua nafasi ya mshahara wala halimfuti mwajiri deni.

Kwa hiyo anayekuambia "mshahara utasimama, NSSF watakulipa" anatumia fao lako kulipia deni lake. Na akiwa hajapeleka michango kama huyu wangu, unatoka mikono mitupu pande zote mbili: dukani hawalipi, na mfuko unakuambia miezi haijatimia. Mama yangu anakuja kutoka Kondoa kunihudumia nikishajifungua. Nauli, chakula, vifaa vya kujifungulia, kodi ya nyumba Nzuguni, vyote hivyo vilikuwa kwenye hesabu ya mshahara ambao nimeambiwa "utasimama".

Najua watakuja wa kusema "wafanyabiashara wadogo hawana uwezo, wakilipa mtu asiyefanya kazi watafunga". Ndugu yangu, sheria hiyohiyo inatoa likizo ya ugonjwa ya siku 126, siku 63 za mwanzo mshahara kamili na 63 zinazofuata nusu. Kaka mmoja pale kazini alivunjika mguu kwenye bodaboda akakaa nyumbani muda mrefu. Alilipwa, na ni haki yake, nilifurahi. Hakuna aliyemwambia nenda NSSF. Ajali haina taarifa, inakukuta asubuhi unaenda kazini. Mimba mwajiri anaijua miezi kabla, ana barua na tarehe ya makisio mezani. Inakuwaje ile isiyotegemewa inalipika, hii iliyopigiwa hodi mapema ndiyo inafilisi duka?

Tangu nianze kuuliza huku na huku nimesikia mengi. Binti mmoja, mpishi kwenye nyumba ya wageni maeneo ya Nkuhungu, anapewa mkataba wa miezi mitatu, ukiisha anakaa siku chache, anapewa mwingine. Aliposema ana mimba akaambiwa "wewe hujafikisha miezi sita kazini, huna likizo ya malipo". Nusu ya hiyo ni kweli na nusu ni ujanja. Ni kweli sheria inataka utumishi wa miezi sita. Lakini sheria hiyohiyo inasema kama umefanya kazi kwa mwajiri yuleyule zaidi ya mara moja ndani ya mwaka, na vipindi vyote vikijumlishwa vinazidi miezi sita, unastahili. Dada yangu, tunza mikataba yote hata ile iliyokwisha, hata kama ni karatasi moja yenye muhuri. Kama huna, tunza meseji za malipo kwenye simu.

Mwingine ni mwalimu wa shule binafsi, siku 28 za likizo yake ya mwaka zilihesabiwa humohumo ndani ya zile 84. Likizo ya mwaka ina kifungu chake na ya uzazi ina chake!

Na kunyonyesha. Hapa ndipo damu yangu inachemka. Sheria inampa mama anayenyonyesha hadi saa mbili kwa siku ndani ya muda wa kazi. Pale kwetu dada aliyejifungua kabla yangu aliambiwa atumie muda wa chakula cha mchana. Anaishi Ihumwa. Kutoka mjini hadi Ihumwa kwa daladala, anyonyeshe, arudi, huo muda wa chakula unatosha nini? Alikuwa anakamua maziwa stoo katikati ya mabunda ya sukari, mlango anaushikilia kwa mguu, maana kitasa kimekufa. Halafu kliniki tunafundishwa mtoto anyonye maziwa ya mama peke yake miezi sita. Manesi wanasema kweli. Waje basi na dukani wawaambie na mameneja.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba tuko Dodoma. Bunge liko hapa. Wizara ziko Mtumba. Mwanzoni mwa 2025 wabunge walikaa hapahapa wakarekebisha sheria za kazi, na mama anayejifungua mtoto njiti akatambuliwa kwa kuongezewa muda. Jambo jema sana, na nawashukuru waliolipigania. Lakini mwendo mfupi tu kutoka kwenye hilo jengo kuna maduka, baa, shule na nyumba za wageni ambako hata zile siku 84 za 2004 hazijafika. Maofisa kazi wakiamua kupita mtaa kwa mtaa mwezi mmoja tu, wakaomba orodha ya mishahara na risiti za NSSF, watakuta uozo wa kutosha. Wafanyakazi wenyewe tunaogopa kusema, maana ukisema unaitwa mkorofi na mkataba hauongezwi. Ila mjue kuachishwa kazi kwa sababu ya mimba ni kuachishwa isivyo halali, sheria imelitaja wazi.

Mimi nimeshaandika barua ya pili, nimetaja kifungu, nakala Ofisi ya Kazi. Kuhusu michango nimejaza malalamiko NSSF na kuambatanisha slipu zangu, wao wana mamlaka ya kumdai na hata kumshtaki mwajiri. Mshahara wa kwanza ukikatwa naenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayosikiliza migogoro ya kazi. Mwenye tatizo kama hili azingatie muda: kuachishwa kazi unapeleka ndani ya siku 30, madai mengine siku 60. Wengi wanapoteza haki kwa kusubiri mtoto akue kwanza.

NYONGEZA: Naona PM zimekuwa nyingi. Anayeuliza kama yeye ni mtumishi wa umma, likizo yako ya siku 84 ipo na mfuko wako ni PSSSF, ulizia masharti ya fao kwao, usifuate haya ya NSSF. Aliyeniambia nimpe jina la duka, hapana, sitoi. Na kaka uliyeandika "ungezaa ukiwa na biashara yako", nimekusoma, sina muda wa kubishana na wewe.

Ninachohitaji ni hiki: kuna yeyote hapa Dodoma ambaye mwajiri wake alibanwa akalipa michango ya nyuma, na NSSF wakaikubali kwenye hesabu ya fao la uzazi kabla hajajifungua? Ilichukua muda gani, na ulianzia dawati gani? Nijibuni hapahapa kwenye uzi, wengine nao wasome.