Wanawake waliojenga elimu kuhusu Misri ya kale: mbona hatuwasikii?

Mpenda Mafarao: Wakuu salaam. Kila nikisoma habari za Misri ya kale nakutana na watafiti wanaume tu: Champollion, Petrie, Carter. Wanawake hawakuwepo, au hawatajwi tu? Naomba majina, na nani alifanya nini hasa.

Mnakili: Walikuwepo, mkuu. Hata kiti cha uprofesa alichokalia Petrie kule London mwaka 1892 kilitokana na wasia wa mwanamke, Amelia Edwards.

Lakini wangu mimi ni Nina Davies. Nachora, ndiyo maana. Alikaa miaka mingi Luxor akinakili michoro ya makaburini, na hakutumia rangi ya maji kama wengi waliomtangulia. Alitumia rangi iliyokorogwa na yai, kwa sababu inafunika vizuri, inakaribia uzito wa rangi ya ukutani. Mtazame paka aliyechorwa kwenye kaburi la Nebamun, ofisa wa Misri ya kale: ndege mmoja mdomoni, wengine kwenye kucha. Niliwahi kumnakili kutoka kwenye picha. Manyoya yale ni mistari mifupi mifupi, na kila mmoja una mwelekeo wake. Siku nne nzima, paka peke yake! Nina alinakili kuta na kuta.

Bukheti: Namheshimu, ila kunakili ni kunakili. Uvumbuzi uko wapi hapo?

Mnakili: Bukheti, rangi zinabanduka, watu wanakata vipande vya ukuta wanauza. Kikishatoweka, mtafiti atasoma nini kama si nakala? Halafu kuna Bertha Porter na Rosalind Moss. Waliorodhesha kila kaburi na hekalu: ukuta huu una maandishi gani, nani kayachapisha, wapi. Juzuu ya kwanza ilitoka 1927. Porter hakuwahi hata kufika Misri, alifanya kazi kwa picha na barua. Mpaka leo watafiti wanasema tu "angalia Porter na Moss".

Binti Nuba: Na Wamisri wenyewe jamani! Fayza Haikal alipata udaktari wa fani hii Oxford mwaka 1965, Mmisri wa kwanza mwanamke. Akarudi Cairo kufundisha. Huyo anastahili uzi wake.

Mpenda Mafarao: Shukrani sana. Binti Nuba, fungua huo uzi, nitakuwa wa kwanza kuchangia. Mimi naanza na Nina usiku huu.