Dengue hasi Jumanne, leo vipele

Mama Pacha: Wakuu, nipo Mbagala. Homa ilinishika ghafla Jumatatu usiku, macho yakawa yanauma hata nikiyageuza pembeni tu. Jumanne zahanati ya mtaani wakanitoboa kidole: malaria hasi. Wakapima na dengue, wanasema ni ile ya kingamwili, nayo hasi. Nikapewa diklofenaki. Leo Ijumaa vipele vimejaa mikononi. Nirudie kipimo au nitapoteza hela tu?

Mtu wa Maabara: Pole dada. Siku ya pili mwili unakuwa bado haujatengeneza IgM, ile kingamwili waliyokupima, ya kutosha kuonekana. Huanza kujitokeza kama siku ya nne au ya tano. Mapema vile tunatafuta protini ya kirusi chenyewe, NS1, au PCR, kipimo cha vinasaba vya kirusi, kama ipo. Hasi yako haikumaanisha huna. Rudi leo, taja siku homa ilipoanza, waangalie na chembe sahani, zile za kugandisha damu. Diklofenaki weka pembeni, inaongeza hatari ya kutokwa damu, parasetamoli inatosha.

Kaka Zomboko: Mwaka 2019 nami nilimeza dawa ya malaria bure kwa homa hiihii!

Mama Pacha: Nimerudi. IgM chanya, mstari umefifia ila upo. Chembe sahani 96,000, ziko chini. Fomu ya Jumanne haina hata tarehe homa ilipoanza, na hakuna aliyeniuliza.

Mtu wa Maabara: Kunywa sana maji. Tumbo likiuma sana, ukitapika mfululizo au fizi zikitoa damu, nenda hospitali usiku huohuo.