Waswahili tulioko Uganda: kodi za nyumba na bei za chakula zinatukimbiza, tupeane uzoefu

Mtu wa Kisaasi

Wakuu, habari za leo. Mimi ni Mtanzania, niko Kampala tangu 2018, nafanya kazi za kutoa mizigo forodhani. Jumamosi niliwapeleka wageni wangu wawili kutoka Mwanza kula kwenye mgahawa mmoja kule Kololo, wa aina ile ya bustani, taa za kuning'inia na wazungu wenye kompyuta. Menyu ina vibandiko vyeupe juu ya bei. Mgeni wangu mmoja mkono haumtulii, akakwangua kimoja kwa ukucha. Chini ya kibandiko cha 48,000, shilingi za Uganda, kuna kingine cha 39,000, na chini ya hicho wino wenyewe, 32,000. Sangara yule yule na chipsi zile zile. Chini kabisa ya ukurasa, kwa herufi za sisimizi: bei haijajumuisha kodi ya asilimia 18. Sahani tatu, juisi tatu za 12,000, nikatoa 212,400 huku natabasamu kama mtu aliyezoea.

Narudi nyumbani nakuta ujumbe wa mwenye nyumba. Chumba na sebule ninavyolipia 550,000, kuanzia mwezi ujao ni 700,000. Sababu: "hali ngumu, ssebo," yaani bwana. Basi.

Sasa tupeane uzoefu. Uko mtaa gani, unalipa ngapi, ulipandishiwaje, na ulifanyaje? Majina ya watu na ya migahawa tuyaache, sitaki kesi.

Mkenya wa Bugolobi

Pole sana ndugu. Mimi niko Bugolobi mwaka wa sita sasa, na huku shida yetu ina jina moja, dola. Nyumba inatangazwa kwa dola, mkataba umeandikwa dola, na mimi mshahara wangu ni shilingi za Uganda. Mwanzoni mwa 2024 dola ilipokaribia 3,900, mwenye nyumba alikuwa mkali: nataka dola zangu, tena noti kubwa, zisizokunjwa. Mwaka uliofuata dola ikashuka mpaka huku kwenye 3,600, akanipigia mwenyewe, sauti tamu kama mkwe: "Ndugu yangu, usisumbuke kutafuta dola, lipa tu shilingi, tutahesabu kwa 3,800." Dola ikipanda yeye ni Mmarekani, ikishuka yeye ni Mganda.

Lakini niwaambie kitu kingine. Marekani ilipoifunga USAID, shirika lake la misaada, mwaka 2025, jengo letu lilibaki na nyumba nne tupu. Malori ya kuhamisha vitu yalikuja wiki tatu mfululizo. Ghafla mwenye nyumba akapaka rangi ngazi, akatengeneza pampu ya maji tuliyoililia miaka miwili, na suala la kupandisha kodi likafa kimya kimya. Kwa hiyo wewe wa Kisaasi, ukisikia kodi za huku juu zimelegea, usishangilie. Wazungu waliondoka, lakini wale Waganda na Wakenya waliokuwa wakifanya nao kazi hawakuondoka. Jirani yangu mhasibu alipoteza kazi, akatafuta nyumba ya bei nafuu. Unadhani alihamia wapi? Kisaasi.

Mama Pilau Kansanga

Nyie walaji mnaongea kama vile sisi wapishi tunachapisha bei usingizini. Mimi ni mtu wa Pemba, nina kibanda changu Kansanga, nawapikia hasa wanafunzi wa chuo. Mwaka 2021 sahani ya pilau ilikuwa 7,000. Leo ni 12,000, na nitawaambia ilikokwenda hiyo elfu tano.

Mambo yalianza mwaka 2022. Januari madereva wa malori walikwama mpakani Malaba na Busia kwa ugomvi wa vipimo vya korona, mafuta ya petroli yakapotea mjini, na bodaboda aliyekuwa ananiletea nyama kutoka buchani kwa 2,000 akataka 5,000. Mafuta yakarudi, yeye hakurudi kwenye 2,000. Halafu vita vya Ukraine, mafuta ya kupikia yakapaa, dumu la lita 20 nililokuwa nanunua kwa laki moja na kitu likavuka laki mbili. Limeshuka baadaye, nakiri, ila si mpaka lilikotoka. Mei 2023 Rais akapiga marufuku biashara ya mkaa kutoka kaskazini. Siwezi kuilaani amri hiyo, miti ilikuwa inaisha kweli. Lakini gunia langu la mkaa lilitoka 80,000 likaenda 130,000, na pilau huwezi kuipikia maneno. Gesi ninayo, naitumia kwa chai, na kachumbari haihitaji moto. Sufuria la kilo kumi za mchele halikai juu ya jiko la gesi, linahitaji sigiri, mkaa chini na mkaa juu ya mfuniko. Mchele wenyewe unatoka nyumbani Tanzania, unavukia mpaka wa Mutukula, na kila anayeugusa njiani anakula kidogo.

Hayo yote ningeyameza. Lililonitoa machozi ni kibanda. Nilikipanga kikiwa na sakafu ya saruji iliyopasuka, kodi 400,000. Nikaweka vigae kwa pesa yangu, nikapaka rangi, nikavuta maji ndani. Mwenye nyumba akaja siku moja, akavua viatu mlangoni kwa heshima ya vigae, akazunguka, akasifu. Mwisho wa mwezi akaniambia mahali hapa sasa pamependeza, ni pa 800,000. Vigae vyangu mimi!

Nikasema sitapandisha bei, nitapunguza vipande vya nyama, kutoka vinne hadi vitatu. Kosa kubwa. Kuna vijana pale mwaka wa tatu wanarudia hesabu za mwaka wa kwanza, lakini siku hiyo kila mmoja alihesabu. Nikarudisha kipande cha nne na nikaandika bei mpya ukutani kwa chaki, hadharani. Wateja waliondoka kama robo hivi, na nusu ya hao walirudi.

Mwanachuo

Shikamoo Mama. Mimi ni katika ile nusu ya robo ambayo haijarudi. Vipande vilikuwa vitatu na kimoja kilikuwa mfupa. Sasa hivi niko kwenye kikomando, chapati mbili zilizokatwa katwa na maharage juu, na mwisho wa mwezi ni chapati moja. Boom, yaani pesa ya kujikimu ya wanachuo, likitoka nakuja.

Mama Pilau Kansanga

Marahaba mwanangu. Njoo Ijumaa, kipande cha tano ni cha kwako, usiwaambie wenzio.

Dereva wa Hoima

Kampala mna nafuu, mna pa kukimbilia. Mimi nililetwa Hoima na mambo ya mafuta. Wale wasiojua, ni lile bomba la kilomita 1,443 kutoka Kabaale huku Hoima mpaka Chongoleani, Tanga. Uamuzi wa mwisho wa uwekezaji ulisainiwa Februari 2022, na nadhani wenye nyumba wa hapa waliusoma kabla ya wawekezaji wenyewe. Chumba kimoja, choo cha nje, ambacho mtangulizi wangu alikuwa akilipa 100,000, mimi nilitajiwa 250,000. Nikauliza kimebadilika nini, nikajibiwa: "Nyinyi ni watu wa bomba." Nina leseni ya kuendesha lori, bomba nimeliona kwa mbali.

Cha ajabu ni kwamba watu walikopa benki wakajenga kwa kasi, na kuna magorofa yalikaa tupu huku vyumba vya kawaida vinagombaniwa. Walimu na manesi wa hapa ndio walioumia, hawana kampuni ya kuwalipia.

Dada wa Nsambya

Mimi natoka Goma, Kongo. Vyumba hivi vya safu huku Kampala wanaviita muzigo, na kwa Kiswahili chetu ni jina sahihi kabisa. Nilikuwa nalipa 200,000, mimi na watoto wawili. Januari 2025 mji wetu ulipoanguka mikononi mwa waasi wa M23, dada yangu alikuja na wanawe watatu, ungemwambia nini, arudi? Tukawa saba. Mwenye nyumba alivumilia miezi miwili, halafu akasema choo kinajaa haraka, ni 280,000. Si mtu mbaya, alituletea hata magodoro mawili ya zamani. Lakini 80,000 ni 80,000.

Watu wanadhani mkimbizi analipiwa. Chakula cha msaada kinatolewa kule kwenye makazi ya wakimbizi kama Nakivale, ukichagua Kampala unajitegemea. Posho tunayoiona sisi ni ile ya Waganda, yaani ugali. Dada yangu sasa anauza maandazi asubuhi pale stendi ya bodaboda, alianza andazi la 200, ameshafika 500 na ni dogo zaidi, kwa hiyo kwenye huu uzi mimi niko pande zote mbili.

Mpangaji Mzee

Nimekaa nchi hii miaka kumi na tisa, nimehama mara nane. Mtu wa Kisaasi, usilipe kwanza. Uganda ina Sheria ya Mwenye Nyumba na Mpangaji ya mwaka 2022. Inasema kodi isipandishwe zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka. Inasema pia kodi ni kwa shilingi ya Uganda, isipokuwa kama mkataba wenu umesema vingine, na hapo ndipo Mkenya wetu wa Bugolobi alipojifunga mwenyewe kwa kalamu yake. Kutoka 550,000 hadi 700,000 ni zaidi ya asilimia 27. Nenda kwa mwenyekiti wa LC1, baraza la mtaa wako, kama ambavyo nyumbani ungekwenda kwa mwenyekiti wa mtaa. Usiende na makelele. Nenda na mkataba, risiti za mobile money, na heshima.

Na kwa wanaotafuta nyumba: dalali wa huku wanamwita bloka. Atakutoza kukuonyesha, na mkikubaliana anakula kodi ya mwezi mmoja. Ni gharama, lakini aliyenipatia nyumba ya Kyanja alinipa ushauri uliozidi ada yake. Tulipofika getini akaninong'oneza: "Mzee, wewe usiongee." Maana ukifungua mdomo na Kiswahili chako cha Tanga, kwanza watu wa umri fulani wanakumbuka wanajeshi wa zamani waliokuwa wakitumia lugha hii, pili wanadhani una pesa za kampuni. Nikanyamaza dakika ishirini, natikisa kichwa tu kama bubu. Bei ikafika 600,000. Akatoka bibi mwenye nyumba, mtu mzima wa makamo ya marehemu mama yangu, akapiga magoti kunisalimia kwa desturi yao. Mdomo ukanitoka wenyewe: "Shikamoo mama." Tulisaini 650,000. Adabu iligharimu elfu hamsini kila mwezi, kwa miaka minne.

Mkenya wa Bugolobi

Mzee umenimaliza. 2,400,000 kwa shikamoo moja!

Mtu wa Kisaasi

Wakuu, mrejesho. Nilikwenda kwa mwenyekiti Jumatano jioni na mkataba wangu kwenye bahasha. Akamwita mwenye nyumba kwa simu, akaja na kandambili, hana hata hasira. Kumbe yeye mwenyewe ana mkopo wa shule wa watoto watatu na muhula unaanza. Mwenyekiti akamsomea ile asilimia 10, wakabishana kwa Luganda muda mrefu, mimi nikitumia mbinu ya Mzee, kimya kabisa. Mwisho imekuwa 600,000, imeandikwa na mhuri umepigwa. Mhuri nao nimeulipia, ila hilo tuliache.

Tunatoka pale mwenye nyumba akanishika bega, akaniuliza wale wageni wangu wa Mwanza waliokuja na gari kubwa kama wanatafuta nyumba, maana chumba cha jirani kitakuwa wazi mwisho wa mwezi. Kwao wao, akasema, ni 750,000. Nikamwambia walishavuka Mutukula.