Naomba ushauri: spematheka tuiite nini kwa Kiswahili?

Wakuu, habari zenu. Naandaa maelezo ya biolojia kwa wanafunzi na nimekwama kwenye neno spematheka. Nilivyoelewa, ni kifuko ndani ya mwili wa mdudu jike kinachopokea mbegu za dume na kuzihifadhi mpaka mayai yawe tayari kurutubishwa. Mfano ninaoupenda zaidi ni malkia wa nyuki: hupandwa na madume kadhaa angani akiwa bado mchanga, kisha hutumia akiba hiyohiyo kwa miaka, na yai asilolirutubisha huwa nyuki dume.

Nilitaka kuandika "kifuko cha mbegu", lakini naona kitachanganywa na spematofora, ambayo ni kifurushi cha mbegu anachokitengeneza dume mwenyewe. Nge dume, kwa mfano, hukibandika chini kisha humwongoza jike apite juu yake. Tena nyungunyungu ana jinsia zote mbili na spematheka anazo, kwa hiyo "kifuko cha jike" nacho hakitoshi.

Je, "ghala la mbegu" litaeleweka, au nibaki na spematheka? Walimu na wataalamu wa wadudu, nisaidieni, sitaki kuwapotosha watoto.