Kalamba kidole akachovya kwenye paleti yangu ya rangi za macho, ile ya zamu!!! KALAMBA!!!

Wakuu habari za jioni. Modi naomba msiunganishe huu uzi na ule wa mapambo, huu ni wa malalamiko, nimeudhiwa nusu saa iliyopita na mikono bado inatetemeka.

Mnamjua. Jina simtaji ila mnamjua, yule mpambaji mwenye taa ya duara kubwa kama sinia la shughuli. Leo kaja hapa kwetu Sinza kumpamba mdogo wangu kwa ajili ya sendofu, kaja na begi la magurudumu utasema anahamia, kulifungua, brashi nne na poda. Dhahabu ya macho hana. Eti "dada si una paleti wewe, niazime basi."

Sasa wanaonifahamu humu wanajua mimi paleti zangu nazitumia kwa zamu. Jumatatu natoa moja kwenye droo, inakaa mezani mpaka Jumapili, ndiyo hiyohiyo ya kazini, ya kanisani, ya kwenye kikoba, sichungulii nyingine, wiki ikiisha naipa maksi. Wiki mbili nyuma ilikuwa Desert Dusk ya Huda Beauty, rangi 18, nzuri sana ila ile rangi yake ya glita, Cosmo, inataka gundi yake, ukiivaa kavukavu kwa joto hili la Dar inashuka shavuni, nikaipa 7. Ikafuata Nubian ya Juvia's Place, rangi 12, yule mama mwenye kampuni Chichi Eburu ni Mnigeria na unaona kabisa kaitengeneza mtu anayeijua ngozi nyeusi, unagusa mara moja tu rangi imekaa, 9. Na wiki hii zamu ni ya Modern Renaissance ya Anastasia Beverly Hills, ile iliyotoka 2016, rangi 14, kaniletea shangazi kutoka Marekani, kifuniko chake ni cha kitambaa, naifunga kwenye mfuko kisishike uchafu. Rangi zake napaka hivi: Venetian Red kwenye mkunjo, Love Letter pembeni, Primavera katikati ya kope. Primavera ndiyo dhahabu yenyewe. Na hiyo ndiyo kaifanyia unyama.

Brashi zipo mezani. Maji ya kupuliza yapo. Mtu katoka kula sambusa, mafuta bado yanang'aa mdomoni, katoa ulimi WOTE, kalamba kidole cha shahada kama anahesabu noti za mahari, kakididimiza kwenye Primavera. Na kucha ya bandia! Imeacha mtaro katikati, ukimwaga maji humo mfugo unakunywa.

Nikamwambia huyo mpambaji, mdogo wangu wee, puliza maji kwenye brashi, unapata mng'ao uleule. Akanijibu "kwani hii si ya zamani tu," AKALAMBA TENA. Kidole kilekile kilichotoka kwenye jicho la mdogo wangu, kikapita mdomoni kwake, kikarudi kwenye paleti yangu. Mate na mafuta vikikauka juu ya rangi ya macho ya unga wa kushindiliwa vinafanya gamba gumu, brashi inateleza tu haichukui kitu. Na macho mekundu ya Januari 2024 yalivyouzungusha mji huu mzima mmeshasahau? Sambusa, jicho, mdomo, Primavera. Alilamba jamani, mara mbili, mbele yangu.

Jiwe la Tegeta: Bila picha ya mtaro huu uzi ni batili.

BabaWawili: Yaani aya zote hizi ni rangi ya kope? Mleta uzi kodi ya nyumba umelipa?

Mleta uzi: Nimelipa mpaka Desemba mkuu na sikukukopa. Mtu kalamba kidole, wewe unauliza kodi.

Mwali wa Kigamboni: Pole mpenzi. Bandika selotepu juu yake taratibu kisha bandua, gamba linatoka nayo. Halafu puliza spiriti ya asilimia 70, acha wazi mpaka ikauke kabisa. Huyo namjua sana, binamu yangu alimtoa na uso wa majivu na shingo ya kwake mwenyewe, ukumbi mzima tukadhani anaumwa.

Kinyozi Manzese: Mimi wateja wanataka waione spiriti ikipita kwenye mashine kabla sijawagusa, nyie huko mnalambiana.

Chausiku: Mbona mnamwonea, kidole ndicho kinachokamatisha dhahabu kuliko brashi yoyote.

Mleta uzi: Kidole sawa. KIKAVU. Kilichonawa.

Mama Mwiko: Kidole mbona kidogo, mimi wifi yangu analamba mwiko halafu anaurudisha kwenye sufuria ya pilau. Ya watu 40! Nimeshuhudia Iddi hii kwa macho yangu na nikakaa kimya kwa sababu ya kaka.

BabaWawili: Huo sasa ndio uzi. Mama funguka.

Mwali wa Kigamboni: Uwiiii, mbona na wa kwetu Temeke anafanya hivyohivyo, anaonja chumvi kwa mwiko mzima badala ya kudondoshea kiganjani.

Mleta uzi: Jamani turudi kwenye Primavera. Nimejaribu selotepu, mtaro upo palepale, na yeye anadai hela ya nauli.

Jiwe la Tegeta: Mama Mwiko, ulikula lile pilau au hukula?

Mama Mwiko: Nilikula ukoko tu, nikasema moto umeua. Na karoti alikuwa kaweka.

Kinyozi Manzese: Karoti kwenye pilau???

Chausiku: Kwani karoti ina shida gani?

BabaWawili: Modi, huyu Chausiku apigwe bani.

Chausiku: Kwetu tunaweka na njegere.