Vipimo vya kuganda kwa damu kabla ya kupandikiza mimba

Mkazi wa Rau, Moshi
Habari zenu. Nina miaka 34, na huu ni mwaka wa sita wa ndoa yetu bila mtoto. Mirija yangu yote miwili imeziba, ndiyo sababu tuliamua kupandikiza mimba, lakini mara zote mbili haikushika. Sasa nimepewa orodha ndefu ya vipimo vya kuganda kwa damu, na nimetakiwa nianze sindano za heparini, dawa ya kuzuia damu kuganda, hata kabla ya majibu kutoka. Sijawahi kuharibikiwa na mimba, wala sijawahi kupata damu iliyoganda mguuni. Tumekwisha kuuza kipande cha kihamba, kwa hiyo naomba kuuliza: je, damu inayoganda kupita kiasi ndiyo inayonizuia nisishike mimba?

Muuguzi Mstaafu
Pole sana, mwanangu. Tenganisha mambo mawili, yaani kushika mimba na kuitunza. Tatizo la kuganda kwa damu ambalo kwa hakika huharibu mimba ni la kingamwili za antifosfolipidi, ambazo hushambulia kondo la nyuma na kuifanya damu igande pasipostahili. Mabadiliko ya vinasaba ya kurithi yanayofanya damu igande kwa urahisi, kama Faktari V Leiden iliyotambuliwa mwaka 1994 katika mji wa Leiden nchini Uholanzi, ni nadra mno kwa Waafrika, na sioni kwa nini uanzie huko. Hata kwa wenye nayo, utafiti wa ALIFE2 uliochapishwa mwaka 2023, uliohusisha wanawake 326 waliokwisha kupoteza mimba mbili au zaidi, haukuona kwamba heparini iliwaongezea nafasi ya kupata mtoto hai. Wewe sababu yako inajulikana: ni mirija. Kuhusu majaribio yaliyoshindwa, kwanza uliza ubora wa viinitete, yaani mayai yaliyorutubishwa, na hali ya mfuko wa uzazi.

Mama Pacha, Arusha
Dada, mimi nilikuwa na hizo kingamwili. Mimba tatu zilitoka kabla ya wiki ya kumi, nikapimwa, nikarudiwa kupimwa baada ya wiki 12, kwa sababu kingamwili hizo huweza kupanda kwa muda baada ya maambukizi kisha zikatoweka. Ndipo nikapewa aspirini ya dozi ndogo na heparini. Kila jioni nilibana ngozi ya tumbo kwa vidole viwili, mbali na kitovu, nikachoma bila kusugua, na bado nilijaa alama za zambarau ambazo mama mkwe alidhani nimepigwa! Kwangu sindano zilikuwa na sababu. Kwako sijaiona.

Mkazi wa Rau, Moshi
Asanteni. Kwa hiyo nikatae kila kitu?

Muuguzi Mstaafu
Hapana, usikatae, uliza daktari anatafuta nini katika kila kipimo. Ukikubali kupimwa, damu itolewe kabla ya sindano ya kwanza, maana heparini huweza kuvuruga majibu. Mweleze pia kama kuna ndugu wa damu aliyewahi kugandiwa na damu mguuni au mapafuni, kwani dawa za kukuza mayai zenyewe huongeza hatari hiyo. Wakati wa matibabu, mguu mmoja ukivimba na kuuma, au pumzi ikibana ghafla, nenda hospitali usiku huohuo.