Wapambaji wa harusi, invoisi ya maua isiyo na idadi ni wizi wa michango ya watu!

Wakuu, hii tabia imezidi.

Kamati za harusi hapa Dar zinaletewa karatasi yenye mstari mmoja: "Maua ya ukumbi na shada, 1,800,000." Maua gani? Mangapi? Urefu gani? Yanaingia lini? Kimya. Mweka hazina analipa nusu, watu waliojibana kutoa michango wanaamini mambo yamekaa sawa, halafu Jumamosi saa 2 usiku meza za mbele zina mawaridi hai na za nyuma zimewekewa maua feki yenye vumbi. Na kamati hiyo hiyo ilihesabu kreti za soda moja moja! Kwa nini maua yasihesabiwe?

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Watu 300, meza 30 za watu kumi kumi. Bakuli fupi la katikati ya meza linashiba kwa mawaridi 12 na majani, kwa hiyo meza 30 zinakula 360. Meza kuu weka 80. Shada la bibi harusi 24. Wapambe wanne, maua 8 kila mmoja, ni 32. Maua ya kifuani 8. Jumla 504. Ongeza asilimia 10 ya yatakayovunjika shingo au kuja na madoa, unafika kama 554, yaani mafungu 28 ya maua 20. Mpambaji anayegoma kuandika "mafungu 28" kwenye invoisi mwulizeni anaficha nini.

Bajeti haitoshi? Msikubali kupunguziwa kimyakimya, punguzeni wenyewe. Mawaridi yabaki kwenye shada na meza kuu. Meza za wageni ziwekeeni krisantemamu za matawi: shina moja lina vichwa vitano, sita, na mashina matatu yanajaza chupa. Kaneshoni nazo zinavumilia joto kuliko waridi na zinakaa siku nyingi. Majani msinunue kwa bei ya maua. Monstera na majani ya michikichi yanapatikana kwenye bustani za watu mtaani, mnaomba tu, na yakifutwa vumbi kwa kitambaa chenye maji yanapendeza kabisa.

Tuje kwenye urefu, maana hapa ndipo watu wanapigwa vibaya. Waridi huuzwa kwa urefu wa shina: sentimita 40, 50, 60, na kuendelea, na bei inapanda na urefu. Sasa ua la bakuli la mezani linakatwa libaki sentimita 15 au 20. Kwa nini mtozwe bei ya sentimita 60, theluthi mbili ya shina ikaishie kwenye pipa la taka? Andikeni kwenye makubaliano: mezani sentimita 40, marefu yawe ya meza kuu tu.

Na mwanakamati mmoja awepo mzigo ukifunguliwa. Ashike kichwa cha waridi kwa vidole viwili, pale chini karibu na kikonyo, abonyeze taratibu. Bichi ni gumu. Likibonyea laini, hilo ni zee, hata kama juu linang'aa. Ageuze aangalie chini: wauzaji wanamenya petali za nje zilizoungua ili ua lionekane jipya, lakini makovu yanabaki kwenye kitako na kichwa kinakuwa chembamba kuliko wenzake. Vidoa vya kahawia kwenye petali mara nyingi ni ukungu, na fungu likifungiwa kwenye nailoni lenye unyevu ukungu unahamia kwa mengine. Ncha ya shina ikiwa nyeusi yenye utelezi, rudisha fungu zima. Na jamani, hakuna waridi la bluu linaloota shambani. Hilo limetiwa rangi, na rangi hiyo inaweza kuhamia kwenye gauni jeupe kwa jasho la mkono tu.

Suala la siku. Mawaridi yanayotoka mashamba ya Arusha yanakatwa yakiwa vichwa vimefumba ili yahimili safari. Mpambaji anayeyapokea Jumamosi asubuhi anawawekea maharusi vitumba, halafu anasema "ndivyo yalivyo mwaka huu". Uongo! Yaingie Alhamisi. Ncha zikatwe sentimita 2 au 3 kwa mshazari, majani yote yatakayozama yatolewe, yawekwe kwenye ndoo iliyosuguliwa kwa sabuni, maji yabadilishwe kila siku, chumba kiwe na kiyoyozi. Ndoo chafu inazalisha vijidudu vinavyoziba mirija ya shina, ua linanyauka huku limesimama ndani ya maji. Na msiyaweke chumba kimoja na ndizi mbivu za keta, yule mpishi wa shughuli! Ile gesi inayoivisha ndizi ndiyo inayolaza kaneshoni.

Waridi likiinamisha shingo mapema, mara nyingi hewa imeingia kwenye shina. Likate tena ncha ikiwa ndani ya maji, lifunge na gazeti liwe wima, lizamishe hadi karibu na kichwa kwa saa kadhaa. Mengi yanasimama. Mpambaji asiyejua hili anatupa maua yenu na kuwadai mengine.

Sponji la kijani la kuchomekea maua nalo. Linawekwa juu ya maji na kuachwa lizame lenyewe. Ukilikandamiza, nje linalowa na katikati kunabaki hewa, na maua yaliyochomekwa pale yanalala kabla ya keki kukatwa. Likishakauka mara moja halinywi tena vizuri, lakini kuna watu wanarudisha sponji la juzi kwenye harusi ya leo. Mkiona matundu ya zamani kwenye sponji kabla maua hayajachomekwa, simamisheni kazi hapo hapo.

Kwa ndugu zangu wa pwani mnaotaka vikuba (vishada vidogo vya kunukia) na koja (mikufu ya maua) za asumini: asumini inachumwa jioni ikiwa kitumba na inafunguka usiku. Kesho yake imeshageuka rangi. Anayewauzia koja za asumini kwa shughuli ya saa 6 mchana anawauzia kitu kitakachokuwa kahawia picha zikipigwa. Pangeni baada ya magharibi, mtungaji aanze kutunga siku hiyo hiyo.

Harusi ya wiki ya tarehe 14 Februari, jiandaeni kulipia zaidi au mbadilishe ua. Mashamba yanapeleka mazuri Ulaya, soko la ndani linapata masalia.

La mwisho, mabaki. Usiku ukumbi ukifungwa, vijana wa mpambaji wanazoa mawaridi yaliyonunuliwa kwa michango yenu, na Jumapili yanapamba shughuli nyingine kwa bei kamili. Vyombo ni vyake, achukue. Maua hai mmeyalipia nyie, na hilo liandikwe kwenye mkataba.

Wapambaji mliomo humu, wekeni hapa bei yenu ya fungu la maua 20 la sentimita 40, wiki ya kawaida, na malipo ya ufundi yasimame mstari wake peke yake. Nani anaanza?